Mshale wa Ukambani na Namba ya Kwenye Boksi

Mapema mwezi Machi 2014, madaktari wa wanyama wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) walimchunguza ndovu dume aliyejulikana kwa jina la Satao, ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Alikuwa na majeraha ya mishale ya sumu ubavuni. Majeraha yalikuwa yameanza kupona, naye akaachwa aende zake. Tarehe 30 Mei mwaka huo huo alipigwa tena mshale wa sumu, na safari hii akafa. Ndovu yule yule, mbuga ile ile, silaha ya aina ile ile, na matokeo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Sasa mtu akiuliza nguvu ya mshale wa sumu ni kiasi gani, ajibiwe nini? Anayetaja mwezi Mei atasema unaua mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Anayetaja mwezi Machi atasema unaacha kidonda. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wamepotoka, kwa kuwa kila mmoja amechukua tukio moja akaligeuza kuwa sifa ya kudumu ya silaha.

Swali hili lina uzito wake Kitui na Makueni, kaunti za Ukambani, nchi ya Wakamba, zinazopakana na Tsavo na ambazo upinde wake umesimuliwa kwa muda mrefu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa mzee Kivui mwaka 1849, zama ambazo misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wakamba mwaka 1910. Baada yake akaja Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi, aliyeishi Ukambani miaka ya 1911 na 1912 na kueleza kwa kina pinde, mishale na sumu. Tangu hapo masimulizi yamekuwa yakiongezwa chumvi: mshale unaoruka mamia ya mita, ndovu anayeanguka baada ya hatua chache. Na upande wa pili wa dunia, viwanda vya risasi za kuwindia mbali vinachapisha kwenye maboksi namba zenye desimali tatu, namba zinazoonekana kama zimepimwa na zimekwisha.

Hoja yangu ni hii. Namba inayoeleza mwendo au nguvu ya kitu kinachorushwa haiwi mali ya kitu hicho peke yake. Ni mali ya kipimo kizima: nani alipima, kwa umbali gani, katika hewa gani, kitu kikiwa katika hali gani. Yakiondolewa masharti hayo, kinachobaki ni tangazo. Wapiga upinde wa Ukambani walilielewa jambo hili kwa vitendo, nasi tuna la kujifunza kwao, ingawa vipimo vyao navyo vilikuwa na mipaka.

Namba ya risasi inatoka wapi

Tuanze na boksi. Namba inayotangazwa huitwa kizigeu cha balistiki. Kwa lugha nyepesi, inaeleza uwezo wa risasi kuipasua hewa bila kupoteza mwendo upesi. Hupatikana kwa kuchukua uzito wa risasi ukilinganishwa na upana wake, kisha kulinganisha umbo lake na umbo la risasi mfano. Namba ikiwa kubwa, risasi hushuka kidogo zaidi, husukumwa kidogo zaidi na upepo, na hufika ikiwa na nguvu zaidi. Ndiyo maana namba hiyo inauza: mnunuzi akiweka maboksi mawili mbele yake, jicho linakimbilia lenye namba kubwa.

Tatizo la kwanza liko kwenye risasi mfano. Kipimo kilichozoeleka zaidi, kinachoitwa G1, asili yake ni majaribio ya karne ya 19, yakiwamo yale ya kiwanda cha Krupp cha Ujerumani mwaka 1881. Risasi mfano ya G1 ni fupi, pua yake ni butu kiasi, na kitako chake ni bapa. Risasi za kisasa za masafa marefu ni nyembamba, pua imechongoka, na kitako kimepunguzwa upana ili hewa ipite kwa utulivu. Kuzipima kwa G1 ni kuzilinganisha na kitu kisichofanana nazo. Matokeo yake ni kwamba namba haitulii: risasi ikiwa na kasi kubwa inapata namba nzuri, na kadiri inavyopunguza mwendo namba nayo inashuka. Kipimo cha pili, G7, kinatumia risasi mfano ndefu inayofanana zaidi na hizi za leo, na namba yake hubadilika kidogo tu njiani.

Hapo ndipo mlango wa kupamba namba unapofunguka, na hauhitaji mtu aseme uongo. Kiwanda kikipima mwendo wa risasi karibu na mdomo wa bunduki, ambako kasi bado ni kubwa, kinapata namba ya kweli kabisa ya G1 kwa kasi hiyo. Kisha namba hiyo inachapishwa peke yake, na mnunuzi anaitumia kwa safari nzima ya mita 900. Viwanda vingine vimechapisha namba zilizokokotolewa kwa kompyuta kutokana na umbo la risasi, bila kupima safari nzima. Na hewa ya kawaida ya hesabu, yaani hewa inayodhaniwa wakati wa kukokotoa, haikuwa moja: kanuni ya zamani ya jeshi la Marekani na ile ya kimataifa ya usafiri wa anga zinatofautiana kwa karibu asilimia 2. Hilo peke yake linatosha kumfanya mmoja aonekane mshindi kwenye rafu ya duka.

Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuchuja pumba na mchele ni Bryan Litz, mhandisi wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 2009 kilitoa vipimo vya risasi za viwanda vingi, zote zikiwa zimepimwa kwa njia moja na kwa masafa marefu. Thamani ya kazi hiyo ilikuwa katika kutumia mizani moja kwa wote, na kuonyesha kwamba baadhi ya namba za matangazo zilikuwa juu kuliko zilizopimwa. Baadaye rada ya Doppler, inayofuata risasi njia nzima, ikaleta jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Mwaka 2015 kampuni ya Hornady ilitangaza kwamba ncha za plastiki za risasi za masafa marefu zilikuwa zikipoteza umbo hewani kwa joto la msuguano, na ikatoa ncha mpya inayostahimili joto. Risasi iliyotoka kwenye bunduki haikuwa tena risasi ile ile ilipofika mbali. Namba yoyote iliyopimwa karibu isingeweza kuligundua hilo.

Kosa la asilimia 10 katika kizigeu lina madhara gani? Kwa mita 300 ni sentimita moja au mbili, na mwindaji hataliona. Kwa mita 900 linaweza kufikia sentimita 30 au zaidi. Eneo la moyo na mapafu ya swala pala lina upana wa sentimita 20 hivi. Maana yake ni kwamba kosa lisilo na madhara kwa umbali mfupi, kwa umbali mrefu ndilo linalotenganisha mnyama aliyekufa papo hapo na mnyama aliyevunjwa taya au kutobolewa tumbo, akaenda kufia kichakani baada ya siku kadhaa.

Hewa ya Kitui haiko kwenye boksi

Tuilete sasa namba hiyo nyumbani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo hakuna anayewinda kihalali kwa bunduki Kitui wala Makueni. Lakini hewa ya huko ni mfano mzuri, kwa kuwa maeneo mengi ya uwindaji wa leseni nchini Tanzania na Uganda nayo yako juu ya usawa wa bahari na yana joto.

Mji wa Kitui uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kawaida ya hesabu ina nyuzi joto 15 na iko usawa wa bahari. Chukua adhuhuri ya nyuzi 28 Kitui: kanieneo ya hewa imeshuka hadi karibu hektopaskali 888, na uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo ni kama kilo 1.03, badala ya kilo 1.225. Ni hewa nyepesi kwa asilimia 16. Risasi inayopita humo inakwenda kana kwamba kizigeu chake kimeongezeka kwa karibu asilimia 19.

Hebu fikiria mtu mwenye boksi lenye namba iliyozidishwa kwa asilimia 10. Anafanya hesabu zake akisahau kuingiza mwinuko na joto. Akipiga shabaha katika hewa ya namna hiyo, risasi haitashuka kuliko alivyotarajia. Itapita juu kidogo. Ataamini kwamba kiwanda kimekuwa mkweli kupita kiasi. Makosa mawili yamesukumana pande tofauti, yakafichana. Mtu huyo akiteremka pwani, ambako hewa ni nzito zaidi kwa asilimia 13 hivi, pazia linaondoka, naye atailaumu bunduki, darubini au baruti, wakati kosa lilikuwa kwenye namba tangu siku aliponunua. Majaribio mazuri ya mahali pamoja hayathibitishi namba. Yanathibitisha kwamba pale, siku ile, makosa yalijumlika yakawa madogo.

Hesabu ya mshale

Mshale nao una hesabu zake, na hizo zinaweza kutusaidia kupima masimulizi. Upinde wa mti wenye nguvu unaweza kurusha mshale kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Hata kama dunia isingekuwa na hewa, mshale wa mwendo huo, ukirushwa kwa pembe inayofaa kabisa, ungefika mita 206 na si zaidi. Hewa ikiingia, ambayo kwa mshale wenye manyoya inakinza sana, umbali unapungua. Kwa hiyo masimulizi ya mita 300 yanahitaji upinde wa aina nyingine kabisa. Wawindaji wa Kiwaata, majirani wa Wakamba upande wa mashariki ya Tsavo, walikuwa na pinde kubwa zaidi. Maofisa wa wanyamapori waliozikamata miaka ya 1950 walipima baadhi yake wakakuta zinahitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuzivuta. Upinde wa Mkamba kwa kawaida ulikuwa mwepesi kuliko huo. Ni kosa kuchukua sifa za upinde mmoja na kumvika mwingine, kosa lile lile la kupima risasi ndefu kwa mfano wa risasi fupi.

Lakini kufika ni jambo moja na kupiga ni jambo jingine. Mshale wa mita 45 kwa sekunde unachukua karibu nusu sekunde kufika mita 20. Kufika mita 50 unachukua zaidi ya sekunde moja, na njiani unashuka mita 6 kutoka mstari ulioelekezwa. Sauti ya upote ukiachiwa inamfikia mnyama mapema sana. Swala wa mita 50 anakuwa na karibu sekunde nzima ya kuruka. Kisha kuna makadirio ya umbali. Mpiga upinde akidhani mnyama yuko mita 50, kumbe yuko 55, mshale utapita chini kwa zaidi ya sentimita 60. Akikosea kwa uwiano huo huo wa asilimia 10 kwa mnyama wa mita 20, tofauti ni sentimita 11 tu.

Namba hizi zinaeleza kwa nini uwindaji wa upinde ulikuwa kazi ya kunyatia: kusoma upepo, kuvizia kwenye njia ya maji, kungoja. Mwindaji hakuwa na haja ya kujua mshale wake unaweza kufika wapi. Alihitaji kujua umbali ambao makosa yake yote kwa pamoja hayawezi kumtoa kwenye shabaha. Hicho ndicho kipimo cha maana, na hakuna boksi linalokichapisha.

Sumu na majaribio yake

Utazame mshale wenyewe kwa karibu. Chembe ya chuma iliyofuliwa na mhunzi ina shingo ndefu na nyembamba. Sumu, ambayo Wakamba huiita ivai, hupakwa kwenye shingo hiyo nyuma ya makali, ikawa tabaka jeusi kama lami. Juu yake huviringwa ukanda wa ngozi laini, nao huvuliwa wakati wa kupiga ukikaribia. Ukanda ule una kazi mbili: unamlinda mwenye podo asijikwaruze, na unaizuia sumu isikauke, isipukutike, wala isioshwe na mvua. Kwa maneno mengine, mtengenezaji alijua kwamba sumu ya leo na sumu ile ile baada ya miezi ya jua si kitu kimoja, akaliweka sharti hilo ndani ya umbo la mshale.

Sumu yenyewe inatokana na mti uitwao kivai kwa Kikamba na msungu kwa Kiswahili. Wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga kutoka mti huo kemikali ya ouabain, jina lililotokana na Kisomali. Ouabain huziba pampu za chumvi katika seli za misuli ya moyo, na moyo hupoteza mpigo wake. Ikipita tumboni haifyonzwi kwa wingi, ndiyo sababu nyama ya mnyama aliyepigwa iliweza kuliwa baada ya kukatwa sehemu ya jeraha.

Nguvu ya sumu hubadilika kutoka mti hadi mti na kutoka mpiko hadi mpiko. Wapishi wa sumu hawakuliachia jambo hilo bahati. Kuna jaribio lililoandikwa kuhusu jamii kadhaa za Afrika Mashariki: mtu anajikwaruza, damu inatiririka kwenye ngozi, kisha sumu inaguswa kwenye mwisho wa mchirizi, mbali na jeraha. Damu inaanza kuwa nyeusi na weusi unapanda kuelekea juu. Mpimaji anaangalia kasi yake, kisha anaifuta kabla haijafika penye mkwaruzo. Hatari ya jaribio hilo iko wazi, na haifai kuigwa. Lakini tazama mantiki yake. Sumu hii, ya chungu hiki, leo, mbele ya macho ya anayeitumia. Haikuwa sifa ya jumla ya ivai, ilikuwa sifa ya mpiko mmoja.

Hata hivyo tusiwapambe wazee kwa kile wasichokuwa nacho. Jaribio la damu lilionyesha kwamba sumu ina makali. Halikuonyesha ni kiasi gani kingeingia mwilini mwa mnyama wa tani 5. Mshale uliogonga mfupa, ukanda wa ngozi uliochelewa kuvuliwa, sumu iliyokuwa na makali jana ikalowa asubuhi: hakuna kati ya hayo lililopimwa kwa damu ya mkono. Ndiyo maana upande wa kaskazini wa Tsavo Mashariki, ulio ndani ya Kitui, wamepatikana ndovu waliotembea na vidonda vya mishale vinavyotoa usaha, na madaktari wa KWS pamoja na Sheldrick Wildlife Trust wakalazimika kuwalaza kwa dawa ili kuvisafisha. Machi ya Satao haikuwa ajabu. Ilikuwa tofauti kati ya sumu iliyosifiwa na dozi iliyoingia.

Kinachopaswa kuandikwa

Watetezi wa viwanda husema namba za kwenye boksi zimekusudiwa kulinganisha risasi na risasi, na kwamba mpigaji makini lazima ajipimie mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kulinganisha kunawezekana tu ikiwa wote wamepimwa kwa mizani moja, na mizani hiyo haipo kwenye maboksi. Na anayejipimia mahali pamoja, kama tulivyoona kwa hewa ya Kitui, anaweza kujidanganya kwa moyo safi. Dawa yake si ngumu: namba ichapishwe pamoja na kipimo kilichotumika, G1 au G7, mwendo ambao risasi ilipimwa nao, umbali, na hewa. Viwanda vichache vimeanza. Sierra, kwa mfano, kwa muda mrefu imekuwa ikichapisha namba zaidi ya moja kwa risasi moja kulingana na mwendo. Namba inayobadilika haivutii jicho kama namba moja kubwa, lakini inamheshimu mnunuzi na inamhurumia mnyama.

Deni la upande wetu ni kubwa zaidi. Tuna maandishi ya zaidi ya miaka 100 kuhusu upinde wa Ukambani, tuna makusanyo ya pinde na mishale katika Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na tuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya hapo hapo Kitui. Bado masimulizi ya mita mia kadhaa na ndovu wa hatua tatu yanazunguka bila kuulizwa masharti yake. Kupima nguvu ya kuvuta upinde, uzito wa mshale na mwendo wake hakuhitaji mnyama wala sumu. Kunahitaji mizani, kifaa cha kupima mwendo, upinde uliotengenezwa na fundi anayejua, na mzee wa Mutomo, Ikutha au Kibwezi aliye tayari kueleza alikuwa akipiga kwa umbali gani na kwa nini hakuzidisha. Usiandikie mate na wino ungalipo: waliojua kazi hii kwa mikono yao wanazidi kupungua kila mwaka, na marufuku ya uwindaji, ambayo naiunga mkono kwa dhati, haikukataza kukumbuka.

Kumbukumbu hiyo ikiandikwa, iandikwe kwa masharti yake yote: upinde gani, mshale gani, mpiko gani, hatua ngapi. Hapo ndipo tutakapoweza kusema upinde wa Mkamba ulikuwa na uwezo gani, na hapo ndipo mfano wake utakapomfaa hata mpiga bunduki wa leo: swali la kwanza la kuuliza kuhusu namba yoyote ya umbali ni mahali inapokoma kuwa kweli.